Chui Hakunirukia

Kuna hadithi moja ninayoombwa kuisimulia kila ninapokwenda kijijini kwa ndugu wa mama. Ni hadithi ya chui. Watu wa kule wanaijua kuliko ninavyoijua mimi. Nikiruka kipande, kuna mtu atanirudisha. Ndani yake mna mtoto wa miaka kumi na moja, mjomba wake mwenye gobore, na chui anayeruka kutoka juu ya mti. Mtoto anaponea chupuchupu, shati linachanika mgongoni. Mjomba anapiga ukelele, chui anatimua mbio. Watu wanapiga makofi.

Mtoto yule ni mimi. Shati kweli lilichanika. Mengine nilitunga.

Ilikuwa Juni 1987, likizo. Nilikuwa darasa la tano pale Tabora mjini, na mama aliona nimeanza kuzurura sana stesheni, basi akanipandisha lori linalokwenda njia ya Sikonge nikakae kwa kaka yake. Mjomba alikuwa mkulima wa tumbaku, mrina asali, na mwindaji inapobidi. Msimu ule tumbaku ilishatoka kwenye mabani, nyumba nzima ilikuwa inapanga majani kwa madaraja kabla ya kuyapeleka chama cha msingi kuuza. Nguo zilinuka tumbaku, ugali ulinuka tumbaku. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. Yeye aliniita mjomba, nami nikamwita mjomba, na mkaza mjomba alikuwa akilalamika kwamba nyumba ina wajomba wawili na hakuna hata mmoja anayechota maji.

Gobore lake lilikuwa la babu. Kwa asiyelijua, ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa cha kuzibia, kisha vipande vya chuma au goroli, na mwisho fataki kule nyuma. Ukishafyatua umeshafyatua. Mpaka umalize kushindilia tena, kanga wameshahamia wilaya nyingine. Gobore alikuwa na leseni yake, nimewahi kuiona. Kuhusu kibali cha nyama sikuuliza, na wala sikuwa mtu wa kuuliza.

Siku yenyewe tulitoka kabla ya jogoo wa pili. Mbwa wake tulimwacha kwa sababu alikuwa na kidonda mguuni. Aliitwa Tutaona, jina alilopewa kwa ajili ya jirani mmoja waliyegombania mpaka wa shamba. Baridi ya Juni kule alfajiri inatosha kabisa kumfanya mtoto wa mjini ajute. Nilikuwa na michembe mfukoni, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa juani. Mchembe mkavu ni mgumu kama kigae. Hautafuni, unauweka shavuni mpaka ulainike wenyewe.

Tukapita kwenye miombo kama saa nzima, tukatokea pembeni mwa mbuga, lile bonde la udongo mweusi linalojaa maji masika. Wakati ule lilikuwa limekauka, isipokuwa kidimbwi kimoja chenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mjomba akanikalisha chini ya mninga, mgongo kwenye shina.

"Mimi nazunguka," akasema. "Kanga watakuja kwa miguu upande huu. Usikohoe, usijikune. Ukiwaona, kaa vilevile."

Akaondoka. Nikaweka mchembe mdomoni.

Kulipambazuka taratibu. Nikawasikia kanga ng'ambo ya bonde, ile kelele yao kama mashine ya kusaga iliyolegea mkanda. Halafu kelele ikabadilika, ikawa ya kuonyana, na nikasikia mabawa wakipanda mitini. Nikajua mjomba amewatibua vibaya na kwamba leo tutakula mlenda.

Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa ncha ya mkia, nyeupe kwa chini, imeinuliwa juu ya majani makavu. Nikadhani ni paka. Nakumbuka kabisa nilichowaza: paka wa nani huyu, huku porini? Mkia ukasogea pembeni ya majani, na pale majani yalipoishia paka akatokea, akawa anaongezeka. Kichwa, shingo, mabega, kisha mwili mrefu ambao ulikuwa kama hautaki kwisha. Akafika kwenye kidimbwi, akakunja miguu ya mbele, akaanza kunywa.

Kwa hatua zangu za kitoto palikuwa na hatua kumi na saba. Najua kwa sababu tulizihesabu baadaye.

Niliusikia ulimi wake kwenye maji. Akanywa, akanyanyua kichwa, akaniona. Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli neno kwa neno, maana ndipo nilipokuja kuuharibu. Hakunguruma. Hakuonyesha meno. Masikio hayakulala. Aliniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyeketi barazani kwa jirani: nimekuona, sina neno nawe. Tone la maji lilikuwa linaning'inia kwenye kidevu chake. Likadondoka. Akainama, akanywa tena, bila haraka. Kisha akageuka, akarudi kwenye majani alikotokea, na ncha ile nyeupe ikawa kitu cha mwisho kuonekana kama ilivyokuwa cha kwanza.

Basi. Ndiyo hadithi yote. Nilipokuja kukumbuka kutafuna, mchembe ulikuwa umelainika kama uji.

Sikulia wala sikukojoa. Ile sehemu ya kukojoa niliiongeza kwa sababu inachekesha.

Mjomba alipofika nilikuwa bado nimekaa vilevile. Nilimwambia kwa kunong'ona. Hakushtuka, akaanza kunihoji kama bwana shamba anayekagua miche.

"Masikio yalikuwaje?"

"Madogo. Ya mviringo."

"Si makubwa yamesimama? Mondo ana masikio makubwa."

"Madogo."

"Miguu mirefu, myembamba?"

"Mifupi. Minene."

"Usoni alikuwa na mistari myeusi inashuka kutoka machoni, kama mtu aliyelia?"

"Hapana."

"Basi si mondo, si duma," akasema. Akaenda kidimbwini, akachuchumaa. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za mviringo, vidole vinne, bila alama za kucha. Mbwa na fisi huacha kucha, chui huzificha. Akaendelea kutazama pembeni, kule kwenye majani, na pale akakaa muda mrefu. Aliponiita nikaona nyayo nyingine, za aina ileile, lakini kubwa kidogo tu kuliko kifuniko cha soda.

"Yuko na mtoto," akasema.

Hatukuwinda tena siku ile. Njiani nikashikwa na mti wa miiba, nikajivuta kwa pupa ya kitoto, shati likachanika kutoka begani hadi kiunoni. Mjomba akasimama, akanichomoa mwiba mmoja mmoja, na ni pale aliponiambia:

"Ukifika nyumbani, usiseme."

"Kwa nini, mjomba?"

"Ukisema umemwona chui, watakuuliza alifanya nini. Utawaambia hakufanya kitu. Hawataridhika."

Nilikaa kimya siku mbili nzima. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja, nadhani nilijitahidi.

Siku ya tatu nilikuwa kisimani na wavulana wa pale. Walikuwa wananiona mtoto wa mjini ninayeogopa hata beberu. Mmoja wao, mkubwa wao, alikuwa ananiigiza ninavyobeba ndoo. Nikasema: mimi nimemwona chui. Wakanyamaza wote. Sijawahi kusahau utamu wa ule ukimya. Nikawaeleza, kidimbwi, mkia, kunywa maji.

"Halafu?" yule mkubwa akauliza.

"Halafu akaondoka."

Wakacheka. "Hukuona chui wewe. Uliona mbwa."

Basi nikaongeza mngurumo. Mngurumo ukawatuliza kidogo. Nikaongeza meno. Jioni, kwa kundi jingine, nikampandisha chui juu ya mninga. Asubuhi yake nikamrusha. Na mtu aliposema "mwongo," nikageuka nikamwonyesha mgongo wa shati. Hakuna aliyebisha tena. Mgongoni nilikuwa na mikwaruzo ya miiba, na mikwaruzo ya miiba, kwa mtu anayetaka kuamini, inafanana sana na ya kucha.

Wiki hiyohiyo mbuzi wa mama mmoja mjane alikuwa amepotea. Mambo mawili yakakutana. Jumapili wanaume walikaa chini ya mwembe jirani na ofisi ya chama cha msingi, na nikaitwa. Walikuwepo wazee, alikuwepo mwenyekiti, na mjomba alikuwa amekaa kwenye gogo upande wa kushoto, akichonga mpini wa jembe.

"Sema, mtoto wetu," mzee mmoja akaniambia kwa upole kabisa. "Ni kweli alikurukia?"

Nilimtazama mjomba. Hakuacha kuchonga.

"Ndiyo," nikasema.

Wakamgeukia yeye. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa ng'ambo," mjomba akajibu. "Mimi niliona nyayo tu."

Ilikuwa kweli tupu. Lakini mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema huyu naye hapendi kujisifu, angekuwa mwingine tungeshaimba. Watu wakacheka kwa mapenzi. Na pale, mbele ya macho yangu, bila mimi kuongeza hata neno, mjomba akaingizwa kwenye hadithi akiwa shujaa.

Walituma ujumbe kwa bwana nyama, lakini alikuwa mbali na watu wasingeweza kusubiri. Watoto wanakwenda kisimani, wanawake wanaokota kuni. Wakafanya jambo ambalo lilikuwa rahisi. Walichukua mzoga wa mbuzi, wakaupaka dawa ya kunyunyizia tumbaku, wakauweka pembeni mwa mbuga.

Sumu haina macho ya kumtambua chui. Asubuhi ya kwanza walikuwepo fisi wawili, na tumbusi wengi wametandaza mabawa chini kama miavuli iliyovunjika. Asubuhi ya pili Tutaona hakuwepo kwenye kamba yake. Kidonda cha mguu kilikuwa kimepona. Mjomba alimkuta nusu njia ya kurudi nyumbani. Siku ya tatu watoto walikuja mbio wakipiga vigelegele: chui amepatikana, amelala pale kidimbwini, mdomo kwenye maji.

Nilikwenda kumtazama. Watu walinipisha nipite mbele, maana nilikuwa na haki. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomsimulia. Mtu mmoja alimgeuza kwa fimbo, na tumboni, kwenye manyoya meupe, chuchu zilikuwa zinaonekana. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo. Labda hakuna aliyeangalia. Bwana nyama alifika kwa baiskeli baada ya siku mbili, akawagombeza wazee, akaichukua ngozi.

Mjomba alitoka alfajiri mbili mfululizo bila gobore, amebeba kipande cha nyama amekifunga kwenye jani. Mara zote mbili alirudi mikono mitupu na hakusema lolote, nami sikuuliza. Mtoto wa chui hukaa na mama yake mwaka mzima na zaidi; kuwinda anafundishwa, hazaliwi anajua. Hayo nilikuja kuyasoma nikiwa mkubwa. Wakati ule nilijua tu ukubwa wa kifuniko cha soda.

Hakunigombeza. Usiku mmoja mkaza mjomba alikuwa analishona lile shati kwenye mwanga wa kibatari, na mjomba akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Lilichanika wapi?"

"Kwenye miiba," nikasema.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekuchomoa."

Sikupelekwa tena porini, si likizo ile wala zilizofuata.

Nimeishia kuwa mtu wa maneno. Nahariri hadithi za wengine, naandika zangu, na bila shaka nimesoma kila kitabu chenye chui kilichonipitia mikononi. Nimesoma Jim Corbett, yule mwindaji wa India aliyemwua chui wa Rudraprayag mwaka 1926, chui anayehesabiwa kuua watu 125, na ambaye mwenyewe baadaye alihamia Nyeri na kufia huko. Nimesoma ile hadithi ya Hemingway ya mwaka 1936 inayofunguliwa na mzoga wa chui uliokauka kwenye baridi karibu na kilele cha Kilimanjaro. Ni kazi kubwa, sizibezi. Lakini nimegundua kitu: kwenye vitabu vyetu chui huingia kwa milango miwili tu, ama anaua, ama amekufa. Hata katika hadithi tulizokua nazo, zile za sungura na wenzake, chui yupo ili adanganywe au atishe. Yule anayekunywa maji akaondoka hana mlango. Na wapo wengi sana. Chui ndiye paka mkubwa aliyeenea kuliko wote duniani, kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi mashariki kabisa ya Urusi. Anaweza kula mende na anaweza kumpandisha swala mtini. Na karibu maisha yake yote anayamaliza akituepuka. Pamoja na hayo, mwaka 2016 waliingizwa kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Sababu ni nyingi: mapori yanakatwa, mawindo yanapungua, ngozi inauzwa, mizoga inapakwa sumu. Kila nikiziorodhesha natamani kuishia hapo, kwenye sababu za jumla ambazo hazina shati.

Miaka mingi baadaye mjomba alikuja kwangu Dar es Salaam kutibiwa macho. Jioni moja kwenye televisheni walionyesha wanyama, akatokea chui. Mjomba akasogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Yule wetu alikuwa mkubwa zaidi," akasema.

Nilijua hakuwa mkubwa zaidi, na nadhani yeye pia alijua. Lakini alisema "yule wetu," na hilo lilinifungua mdomo. Nikamwambia mjomba, nisamehe. Ni mimi niliyemwua yule mnyama. Na Tutaona. Akakaa kimya mpaka tangazo la sabuni likaisha.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa mtu mzima, nimekaa pale kwenye gogo, na mdomo ninao. Niliogopa kukuaibisha mbele za watu. Nikasema niliona nyayo tu." Akafuta macho, yale macho mabovu, sikujua kama ni dawa. "Kumbe hayo nayo ni maneno ya uongo. Niliona na shati."

Hatukuongea zaidi. Kesho yake nilimsindikiza kupanda treni.

Alifariki miaka michache iliyopita. Nilifika matangani usiku wa pili. Ukumbi ulikuwa ni turubai na moto, wazee wachache waliobaki, na watoto wengi ambao sikuwajua, wajukuu wa wajukuu. Baada ya chakula mkaza mjomba, sasa bibi kizee, akasema kwa sauti ili wote wasikie: huyu mpwa wake yupo, atusimulie marehemu alivyomwokoa na chui. Watu wakaitikia. Mtu akanisogezea kigoda karibu na moto.

Nilikuwa nimeshaisimulia hadithi ile mara nyingi kwenye uwanja uleule. Na nikiri kwamba usiku ule nilitaka kuisimulia tena. Mtu amelala kaburini, mkewe anaomba sifa ya mumewe, wewe ni nani uende kumnyang'anya? Ilikuwa zawadi rahisi na haingemgharimu mtu. Wote waliokuwa wa kugharimika walishagharimika.

Nikaanza. Baridi, michembe, mninga, kidimbwi. Nikafika kwenye mkia. Nikafika kwenye tone la maji. Na nilipofika pale ambapo chui hupanda mtini, nikamwacha anywe.

"Halafu?" mtoto mmoja akauliza, wa kike, kama miaka minane, amekaa karibu kabisa na miguu yangu.

"Halafu akaondoka."

Moto ulisikika. Mzee mmoja akakohoa. Nikaendelea: nyayo kubwa, nyayo ndogo, mti wa miiba, mjomba akinichomoa mwiba mmoja mmoja. Nikawaambia alivyonikataza kusema, na nilivyosema. Nikawaambia alikwenda alfajiri mbili kumtafuta mtoto wa chui na kipande cha nyama kwenye jani, jambo ambalo hakuna mtu pale aliyewahi kulisikia, hata mkewe. Mkaza mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuweza kuuona uso wake, na mpaka leo hajanieleza alilichukuliaje.

Yule mtoto hakuwa ameridhika. Alikuwa amekunja uso, anatafuta kitu.

"Sasa kama hakufanya kitu," akauliza, "mbona walimwua?"

Wazee wakatazama moto. Swali lilikuwa langu, nikalijibu.

"Kwa sababu niliwaambia alinirukia," nikasema.